Sahihi ya Taratibu

Kazini walimwita Sindano, kwa sababu kosa la programu halikumpita. Kazi yake ilikuwa kuunda mkaguzi: programu inayosoma programu za wateja kabla hazijaruhusiwa kuingia kwenye kiini cha mfumo wa kompyuta, mahali ambapo kosa dogo tu huangusha mashine nzima. Mkaguzi wake alifuata kila njia ambayo programu ngeni ingeweza kupita. Akifika njia panda, alishika ya kulia mpaka mwisho, kisha akarudi kushika ya kushoto.

Aliyetakiwa kuipitia kazi hiyo na kuiwekea sahihi ni jirani yake wa meza, mwanamume wa makamo waliyempachika jina la Taratibu kwa mwendo wake.

"Mdogo wangu, njia panda ishirini tu zinazaa njia zaidi ya milioni," alimwambia. "Mwekee mkaguzi wako kikomo cha hatua, na cha kumbukumbu ya mashine. Akikifikia, aikatae programu."

"Lakini kaka, si nitakuwa nakataa hata programu nzuri?"

"Mwenyewe ataiandika upya, iwe rahisi. Mgeni gani huyo wa kukumalizia unga hata hajakaribishwa ndani?"

Sindano alicheka. Ila alikuwa amemwahidi mkuu wao kwamba kazi ingekamilika Ijumaa, na Ijumaa ndiyo hiyo.

"Niwekee sahihi leo, kaka. Kikomo nitaweka wiki ijayo. Haki ya nani vile."

Taratibu alisita, kisha akatia sahihi.

Wiki ijayo ikazaa wiki ijayo nyingine. Miezi mitatu baadaye, Jumanne asubuhi, mteja alileta programu isiyojaza hata ukurasa. Haikuwa na hila yoyote, iliandikwa ovyo tu, lakini ilikuwa na njia panda arobaini. Mkaguzi akazama humo, akala kumbukumbu yote, mashine ikaganda. Hospitali iliyopangia foleni ya wagonjwa kwenye mashine hiyo ilirudi kwenye karatasi mpaka saa nane mchana. Hakuna aliyekufa, lakini wagonjwa walisimama kwenye korido tangu asubuhi, wengine wakiegemea ukuta.

Kesho yake mkuu aliita kikao, akaweka mezani fomu ya kuidhinisha mkaguzi.

"Sahihi ya nani hii?"

"Yangu," alisema Taratibu. Alimtupia Sindano jicho mara moja, bila hasira, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Sindano akainama, akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Ijumaa Taratibu aliachishwa kazi, akachukua kikombe chake na sweta, akaenda zake. Mchana huohuo Sindano aliandika kikomo. Kilikuwa mistari sita.

Nyumbani mama yake alimuuliza, "Mbona huli, mwanangu?" Akajibu kwamba amechoka. Alichoka hivyo kwa miezi minane, mpaka siku alipoingia kwa mkuu na kusema yote.

"Maji yakimwagika hayazoleki," mkuu alisema. Hata hivyo alimwandikia Taratibu arudi. Taratibu akakataa, akashukuru. Alikuwa anatengeneza redio katika duka la shemeji yake.

Sindano alimfuata huko dukani. Taratibu alimpa kigoda.

"Nilijua utasema," alimwambia. "Ila nilidhani utasema siku ileile."

Mteja akaingia na redio kwapani, Taratibu akageuka kumsikiliza. Sindano alikaa kidogo, akaaga, na hakwenda tena.