Kitambaa Kilichokwisha Kukatwa

Wateja walimwita Mama Vifungo. Mumewe alikata na kushona. Yeye alitia vifungo, akapinda nguo kwa mkono, akapiga pasi na kukunja. Kazi yake nyingine haikuwa na jina. Ilikuwa kusema uongo mlangoni.

Duka lao lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, kimegawanywa kwa pazia. Mbele palikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu. Nyuma ya pazia palikuwa na kigoda. Mteja aliyeahidiwa nguo yake siku hiyo akionekana anavuka barabara, Fundi aliinuka na futi yake shingoni, akapotelea nyuma ya pazia, akakaa kimya kama mtungi.

"Mwambie nimekwenda msibani."

"Msiba wa nani tena, Baba? Wiki hii umeshazika wawili."

"Wa upande wa mama. Nenda bwana, huyo anaingia!"

Naye alikwenda, akasema, na mteja akatoa pole. Jumapili Fundi, mzee wa kanisa mwenye sauti nzuri ya kusomea, alisimama mbele akasoma Neno, na baadhi ya waliompa pole wakaitikia amina pamoja na Mama Vifungo, kiongozi wa akina mama.

Ujanja wake mkubwa ulikuwa kwenye mkasi. Mtu akileta kitambaa, Fundi alimpima, akakitandaza, akakikata papo hapo mwenye kitambaa angali amesimama. Wateja walidhani ni bidii. Mama Vifungo alijua ni kamba. Kitambaa kikishakatwa hakiendi popote, maana hakuna fundi anayepokea vipande vilivyokatwa na mwenzake. Nguo ikikaa vibaya, nani atabeba lawama? Hivyo Fundi alikuwa na marundo ya watu waliofungwa kwake, kila mmoja na Jumatano yake aliyoahidiwa.

Siku moja akaingia Nesi, na kitambaa cha zambarau kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

Mama Vifungo alikuwa na marafiki wengi wa kusalimiana, lakini Nesi alikuwa wake. Mwaka ule Mama Vifungo alipojifungua mtoto ambaye hakulia, wodi nzima ilimwambia mtoto amepelekwa chumba cha joto. Nesi peke yake ndiye aliyeketi kitandani, akamshika mkono, akamwambia ukweli. Alimchukia kwa saa nzima. Tangu hapo hakuna mtu ambaye Mama Vifungo alimwamini kuliko yeye.

"Binti yangu anaolewa Jumamosi ijayo," Nesi alisema. "Ndugu yangu, maisha yangu yote nimevaa nguo ya kazi. Hata baba yake nilimzika nikitoka zamu. Siku hii moja nataka nivae kama mtu."

"Alhamisi ije ikukute umevaa," Fundi alisema, mkasi tayari mkononi.

Nesi akacheka. "Wewe Fundi, mimi na wewe tusidanganyane. Simuulizi mwenye mkasi." Akamgeukia rafiki yake. "Nakuuliza wewe. Nitaipata?"

"Utaipata Alhamisi. Nakuahidi mimi, si yeye."

Nyuma yao mkasi ulikuwa umeshaanza kula kitambaa.

Jumanne akaja mwenyekiti wa kwaya na robota la kitambaa cheupe. Askofu angewatembelea Jumapili, na kwaya ilitaka majoho mapya. Tena Jumamosi wangeyaanzia kwenye ndoa ya binti wa Nesi, maana bibi harusi alikuwa mwenzao wa sauti ya kwanza. Fundi alikubali kabla mwenyekiti hajamaliza sentensi. Akamwita kibarua akae kwenye cherehani ya pili.

"Na gauni la Nesi?" Mama Vifungo aliuliza.

"Kazi ya Mungu kwanza."

"Nimempa neno langu, Baba."

"Nani alikutuma? Wewe ni fundi?"

Mama Vifungo alichukua vile vipande vya zambarau, akavitia kwenye mfuko, akavuka barabara kwa fundi wa upande wa pili. Yule alichungulia mfukoni akasukuma mfuko kama umejaa nyoka. "Nguo iliyokatwa na mumeo? Mama, hata kwa bunduki siigusi."

Basi akaanza kuishona kwa mkono, katikati ya majoho yaliyomsubiri yeye kuyapinda. Alhamisi Nesi alipotokea mlangoni, gauni lilikuwa na kiuno na upande mmoja wa sketi. Mikono ilikuwa bado vipande.

Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, na Mama Vifungo hakuwahi kumsukumia mtu mwingine sehemu hiyo. Angeweza kusema, dada, haitawahi, kaazime nyingine. Maneno yenyewe ni machache. Lakini Nesi alikuwa anatabasamu, na mdomo wa Mama Vifungo ulikuwa umeshaizoea njia ya uongo.

"Kesho," alisema. "Bado kupiga pasi tu."

"Nilijua," Nesi alisema. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe."

Kesho yake alimwambia jioni. Jioni alifunga duka mapema.

Jumamosi Nesi aliingia kanisani na sare yake ya hospitali, imenyooshwa hadi mistari ya mikono inasimama, na viatu vyake vyeupe vya wodini. Watu walinong'ona kwamba maskini, hakupewa ruhusa, ametoka zamuni moja kwa moja. Akaketi kiti cha mbele mahali pa mama mzazi. Kwaya ilisimama na majoho mapya, pindo zote sawasawa, ikaimba kwamba Bwana ni mwaminifu. Pindo zile zilikuwa za Mama Vifungo. Waliimba vizuri sana.

Jumatatu Mama Vifungo alipeleka gauni, limekamilika. Nesi alilipokea mlangoni, bila kumkaribisha ndani.

"Limependeza," alisema.

"Nisamehe, ndugu yangu. Majoho yale…"

"Gauni si kitu. Ungeniambia Alhamisi, dada yangu angeniazima. Ulinitazama machoni ukasema bado pasi." Akalikunja polepole. "Mumeo nilimjua. Nilidhani nakujua na wewe."

Akamsamehe, alisema hivyo kwa mdomo wake, kama Mkristo. Kisha akafunga mlango taratibu bila kuubamiza.

Wiki hiyo akaja mwalimu mmoja na kitambaa cha suti. Fundi alisema Jumatano. Mwalimu, kama wateja walivyozoea, akamtazama mke. "Eti, Mama Vifungo, kweli?"

"Si kweli," alisema. "Ana nguo nyingi kabla ya yako. Usimwachie akate."

Mwalimu akakunja kitambaa chake. Aliyemfuata akaambiwa hivyo hivyo. Na yule aliyefuata. Pazia lilikaa wazi. Alikataa kuzika ndugu yeyote zaidi wa upande wa mama. Haukupita muda mrefu kabla cherehani ya pili haijauzwa. Fundi akaacha kusema naye mezani, akawa anazungumza na kuta: "Kuna watu wanakata tawi wanalokalia."

Baraza la wazee wa kanisa likamwita Mama Vifungo. Aliketi kwenye benchi mbele ya wanaume waliovaa mashati ambayo vifungo vyake alivitia mwenyewe. Fundi alikuwa miongoni mwao, ameinamia viatu vyake.

"Mama, hakuna anayesema udanganye," mwenyekiti wa baraza alisema kwa upole. "Lakini mke anayemvua mumewe nguo hadharani, huo ni ushuhuda gani? Tuahidi tu kwamba hutayasema tena ya dukani, tufunge kwa sala."

"Siwezi kuahidi."

"Neno moja tu, mama. Sema ndiyo."

"Ndiyo yangu ilikwisha Alhamisi ile, mzee. Nikiipata nyingine, siitumii kwa hili."

Walimtoa kwenye uongozi wa akina mama. Aliyewekwa mahali pake alikuwa Nesi, na Nesi alikubali. Jumapili aliyosimikwa alipita katikati ya viti akisalimia kila mwanamke kwa mkono. Alipofika kwa Mama Vifungo alimpa mkono pia, mkono mkavu, wa zamu.

"Bwana asifiwe, mama," alisema, akapita.