Saa ya Mzee Laurenti

Jumamosi, tarehe 12 Juni 1993. Matombo, milimani kwa Waluguru, iliamkia ukungu, na manyunyu yalikuwa yakianguka bila haraka juu ya migomba. Stefano alishuka kwenye lori la matunda, akakunja suruali hadi magotini, akashika viatu mkononi na kupanda kilima. Alikuja kumaliza msiba wa mjomba wake, Mzee Laurenti, lakini moyo wake ulikuwa kwenye saa.

Mjini Morogoro watu walimjua kwa saa kuukuu. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda ambacho sasa kilikuwa kimefungwa kikingoja mnunuzi, na kwa miaka mingi alikuwa akikusanya saa za mkono za askari wa vita vya Mjerumani, zile za mwanzo kabisa. Nyingi zilikuwa kama saa za mfukoni zilizotiwa vishikio vya waya ili zifungwe kwa mkanda, askari atazame wakati bila kuachia bunduki. Wapagazi na askari walirudi nazo milimani. Wengine walipewa, wengine walizivua kwenye mikono ya waliokufa, na hakuna aliyewauliza. Wakati wa uhaba Stefano alizipata kwa kubadilishana na sabuni au betri za redio. Ilipokuja miaka ya ruksa na biashara ikafunguliwa, saa za plastiki kutoka Dubai zikajaa sokoni, na vijana wakaona saa ya kutia ufunguo ni takataka ya babu. Mkusanyo wake ukanenepa.

Ruksa hiyo hiyo ilimfungulia mlango mwingine. Mfanyabiashara mmoja wa Dar es Salaam alikuwa amefungua duka la saa, na alimtaka aje kusimamia saa za kale. Kazi ilikuwa ianze Jumatatu. Mkewe, Winfrida, alikwisha kufunga vyombo. Baada ya kukaa barazani mwaka mzima na wenzake wa kiwandani, wakiongelea mashine zilizonyamaza, Stefano alijiona kama mbuzi aliyeonyeshwa upenyo kwenye ua.

Ilibaki saa moja tu aliyoitamani. Mzee Laurenti aliachiwa na mjomba wake mwenyewe, aliyekuwa askari, na hakuivua mpaka alipougua. Ilikuwa na uso mweupe wa kauri, tarakimu ya kumi na mbili nyekundu, na juu ya kioo wavu mdogo wa fedha wa kukikinga na vipande vya mabomu. Kila Stefano alipoiomba, mzee alicheka. "Subiri nife, mjomba," alimwambia.

Sasa vitu vya marehemu vilikuwa vimepangwa juu ya mkeka uani: kofia, koti, panga na saa. Bibi Regina, dada mkubwa wa marehemu na msemaji wa ukoo, aliketi kando yake. Wapwa wengine walijipanga ukutani, kila mmoja akitazama vidole vya miguu yake. Stefano alidhani ni huzuni.

Alikuwa na desturi yake ya kazi: hataji bei ya saa kabla hajaisikiliza. Akachutama, akaiokota, akaitia ufunguo, akaiweka sikioni. Ilitembea. Ili aone mkanda unakaaje, akaifunga mkononi.

Vigelegele vikapasua ua. Bibi Regina alichovya kidole kwenye unga, akampaka kwenye paji la uso.

"Karibu nyumbani, Laurenti," akasema.

Hapo ndipo Stefano alipoelewa. Alikuwa Mluguru, alijua kwamba mpwa ndiye anayerithi jina la mjomba. Mama yake aliwahi kumweleza zaidi: anayejivika kitu cha marehemu mbele ya ukoo amekubali kuwa yeye. Lakini Stefano alikulia mjini, akadhani mambo hayo huanza kwa kikao na watu kuteta. Hapa hakuna aliyeteta. Wapwa walikuwa wakingoja tu nani atanyoosha mkono.

Mwinjuma, Mzigua aliyekuja kama mtani wa msiba na asiyefungwa na mwiko huo, akajitia kofia ya marehemu na kuzunguka mkeka. "Waluguru bwana! Tangu asubuhi wanatazama chini kama waliopoteza sindano. Panya wa mjini kaja kwa nauli yake, kaukalia mtego!"

Watu wakacheka. Kabla kicheko hakijaisha, mtoto wa kwanza wa marehemu, mwenye mvi kuliko Stefano, alipiga goti mbele yake. "Shikamoo, baba."

"Marahaba," Stefano akajibu, na ulimi ukawa umemfunga mara ya pili.

Alimvuta Bibi Regina pembeni. Alimweleza habari ya kazi na Jumatatu, akaahidi kuirudisha saa na kutoa mbuzi wa faini. Bibi alimsikiliza hadi mwisho.

"Ukiivua, tumzike tena?"

"Mama, mimi nilikuwa naitazama tu."

"Anastasia ana wajukuu ndani," alisema, akimwonyesha mjane mlangoni. Tangu mzee afe, hakuna aliyekata hata mkungu katika shamba la ukoo, wala hakuna atakayekata mpaka mwenye jina akate wa kwanza. Na mwenye jina hulala katika nyumba ile mpaka mvua za vuli.

"Na baada ya vuli?"

"Baada ya vuli utakuwa umezoea."

Hakuna aliyemzibia njia. Hilo ndilo lililomkaba. Angeweza kushuka kilima jioni ile ile, lakini kaburi la mama yake lilikuwa nyuma ya nyumba, na dada zake wawili walilima shamba hilo hilo. Akaitazama saa. Ilikuwa nzuri kuliko zote alizonazo, na hakuweza kuiuza wala kuiweka kwenye kopo alimotunzia zile nyingine. Siku akifa, ingerudi mkekani.

Kesho yake asubuhi lori la ndizi lilipiga honi barabarani. Stefano alishuka na mfuko wake begani, akasimama dirishani kwa dereva, akamwomba amfikishie Winfrida maneno: amwambie mwenye duka atafute mtu mwingine. Dereva akauliza aseme anarudi lini. Stefano akajibu aseme tu kwamba msiba haujaisha. Lori lilipoondoka alipanda tena kilima. Anastasia alikuwa amekaa upenuni na wajukuu, panga mapajani. Stefano akalipokea, akamwuliza waanze na mgomba upi.