Siku Nilipoitembea Lusaka na Mkwe Mwenzangu

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyojifunga kitenge kipya huko Lusaka, nikaapa kwamba sirudi Mbozi kabla sijauona mji ule. Nilikuwa nimekwenda kumhudumia binti yangu Eliza, aliyejifungua. Nilimkanda, nikafua nepi, nikapika uji, na muda wote huo Lusaka kwangu ilikuwa honi za magari nyuma ya ukuta. Zilikuwa zimebaki siku mbili nipande basi la kurudi mpakani.

Jioni iliyotangulia nilimwomba mkwe wangu, Mulenga, anitembeze. Nisimsingizie, kijana yule alinilisha vizuri. Lakini alinitazama kuanzia kandambili hadi kilemba, akasema, "Mama, mjini kuna wenzangu wa ofisini. Afadhali upumzike ndani." Eliza akainamia mtoto.

Mama yake Mulenga, aliyekuja kumwona mjukuu, naye alisikia. Kulipokucha akanishika mkono. "Natuleya, mukwai," akaniambia kwa Kibemba chake. Twende zetu.

Tukaenda. Tulipiga picha chini ya sanamu ya mtu anayekata minyororo. Tukapanda lifti ya jengo refu. Ilipoanza kupanda, mwenzangu akanikumbatia kwa woga, tukacheka hadi mlinzi naye akacheka. Kutoka juu niliuona mji wote, na sikutegemea kwamba una miti mingi namna ile.

Tuliposhuka, huyo Mulenga, amesimama kando ya barabara na wenzake wawili wenye tai. Akatuona. Akageuza uso kama mtu anayetafuta basi.

Mwanangu, miguu yangu ilitaka kupita kimyakimya. Nikaikatalia. Nikasimama mbele yao, nikasema kwa Kiswahili changu chenye lafudhi ya Kinyiha, "Hamjambo, wanangu? Mimi ni mama mkwe wa Mulenga, mkulima wa kahawa kutoka Mbozi. Na huyu ndiye aliyemzaa." Mwenzangu akayarudia yote kwa Kibemba, kwa sauti iliyovuka barabara.

Mmoja wa wale vijana akapiga goti palepale, akatupigia makofi taratibu, kama kwao wanavyomwamkia mzazi. Mulenga alibaki wima.

Jioni akaniambia, "Mama, umeniaibisha."

"Mimi nimetembea tu, baba," nikamjibu. "Aliyegeuza uso ni wewe."

Siku ya kuondoka hakunisindikiza kituoni. Nilijibebea begi langu, Eliza akinifuata na mtoto mgongoni, ingawa mumewe alikuwa amemkataza.

Miaka ikapita hatujuliani hali. Mume wangu alipofariki, Mulenga akaja Mbozi kuzika, akakaa nyuma kabisa ya watu. Nikamfuata, nikamshika mkono, nikampitisha kwa waombolezaji wote. "Huyu ni mkwe wangu," nikawaambia, mmoja mmoja. Akalia. Mambo ya Lusaka sikumwomba radhi, na leo siombi.

Kwa hiyo nakuambia, mwanangu: mtu akikuona wewe ni aibu yake, usimsaidie kukuficha. Msogelee, taja jina lako na kwenu, wala usimtukane. Na ukiwa wewe ndiye mwenye tai, ukamwona mzazi wako barabarani, mkimbilie. Mungu akupe miguu isiyokwepa watu, na kila mji utakaoingia ukupokee kama ulivyo.