Ukimya Kabla ya Neno "Wanne"

Wanafunzi walimwita Mwalimu Kata, naye hakulipinga jina hilo, maana wenzake wengi walikuwa wamepachikwa mabaya zaidi. Mwanamke huyu alifundisha historia. Kitabu cha kiada kilikuwa na kurasa mia mbili na kumi na wanawake watatu, mmoja wao malkia wa nchi za watu. Akaona huu sasa utani. Akawatuma wanafunzi wawarekodi kwa simu mama zao, bibi zao na shangazi zao: walifanya kazi gani, nani aliwaamrisha, nani aliwashukuru. Sauti zikawekwa kwenye tovuti ya shule.

Sharti lilikuwa moja tu: dakika nne. Bando linakwisha, na wasikilizaji hawana subira. Programu ya kuhariri ilikuwa na kitufe cha kuondoa ukimya wote kwa mpigo mmoja.

"Bibi anavuta pumzi? Kata," alisema akipita nyuma ya viti. "Anatafuta miwani? Kata."

"Na akilia, mwalimu?"

"Asipolia kwa maneno, kata."

Darasa likacheka. Naye akacheka.

Rekodi ya mfano ilikuwa ya mama yake mzazi, aliyefua mashuka ya hospitali kwa miaka thelathini na mmoja. Mama aliketi ukingoni mwa kitanda, akaitazama simu kama mtu anavyomtazama mkwe asiye na kazi.

"Niongee na wewe au na hicho kidude?"

"Na mimi, mama. Hicho kinasikiliza tu."

"Basi kimewashinda ninyi wote."

Akaisimulia sabuni iliyowachubua vidole, na msimamizi aliyeandika "wafuaji, kumi na wawili" palipopaswa kuwa na majina.

"Mama, ulizaa wangapi?"

Mama akanyamaza. Mwalimu alikuwa anaangalia chaji.

"Wanne," mama akasema hatimaye.

Dakika kumi na moja zikawa nne. Simu ilipojaa, rekodi ndefu ikafutwa.

Mwaka uliofuata mama akafariki. Siku ya tatu baada ya mazishi, mama mdogo, huku akikunja nguo za marehemu, alisema kama anayetaja bei ya sukari kwamba kabla ya hao wanne kulikuwa na binti. Aliishi siku tisa, hospitali ile ile. Mama aliporudi kazini, mashuka ya wodi alimofia mtoto yaliletwa kwake kama kawaida.

"Alikuwa na jina?"

"Alikuwa nalo. Mwenyewe hakulitamka tena. Mimi ni nani nilitamke?"

Mwalimu akaenda kwa fundi simu.

"Nikurudishie nini hasa, mama?" fundi akauliza.

"Ukimya. Ule kabla ya neno 'wanne'."

Fundi akamtazama kidogo. "Wengine huja kutafuta picha za harusi," akasema, lakini akahangaika nayo siku mbili, bila utani. Rekodi ndefu haikupatikana. Na ukimya ule, mahali pekee ambapo dada yake aliwahi kuwekwa kwenye kumbukumbu, hakuna ajuaye ulidumu sekunde ngapi.

Muhula uliofuata, darasa jipya lilisikiliza rekodi ile ya dakika nne na kuandika msimulizi alihisi nini. Msichana mmoja, mwandiko safi, aliandika: "Alipoulizwa idadi ya watoto alijibu papo hapo bila kusita, kwa hiyo jambo hilo halikumsumbua."

Mwalimu alikaa na karatasi hiyo kipindi kizima. Kwa ushahidi uliokuwapo, msichana alikuwa sahihi. Akaweka alama ya vema.