Nilivyolinda Sumaku Nikajenga Nyumba

Shida zangu zilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na tisa. Tulihamishwa, tukaambiwa tukajenge kijiji cha ujamaa ukingoni mwa uwanda wa juu, pale njia inapoanza kuteremka kwenda Muze bondeni. Baba alishakufa. Shule niliachia darasa la pili. Nilikuwa na mama, mke mwenye mimba na jembe. Kulala kwenye kibanda cha nyasi kama mwindaji sikutaka, nikaanza kufyatua matofali.

Ndipo akaja mtaalamu wa miamba kutoka Mbeya, kijana mpole, na chombo ndani ya sanduku la mbao. Alisema dunia yote ni kama sumaku kubwa, na huenda miamba ikibanwa huko chini, nguvu ya sumaku hubadilika kidogo kabla ya tetemeko. "Huenda," akarudia. Nilimpenda kwa neno hilo.

Alitaka mlinzi. Nikasema ni mimi. Nilimjengea kibanda bila msumari hata mmoja, nikafunga kila kitu kwa kamba za magome. Chuma hakitakiwi humo. Hata mkanda wangu niliuvua, suruali nikaifunga kwa katani.

"Mlinzi gani anashikilia suruali?" walinicheka.

"Mwenye kazi," nikajibu. Jioni hao hao walipita kunisalimu.

Mvua zilipokaribia, mstari ambao chombo huchora kwenye karatasi ukaanza kuruka kila jioni. Mtaalamu akamwarifu mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akaitisha mkutano: watu walale nje, na asionekane mtu juu ya paa.

Kuta zangu zilikuwa za matofali mabichi, miti ya paa imeshafungwa, zimebaki nyasi. Mvua moja kubwa, na jasho langu lote lingekuwa tope.

"Ndugu mwenyekiti, mvua ikinyesha nani atanifyatulia mengine?"

"Na paa likikuangukia?"

"Litakuwa langu."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Asubuhi nilikuwa juu, mama ananirushia nyasi.

"Shuka," mke wangu akasema. "Mtoto huyu asizaliwe yatima."

"Nipe kamba."

Akanipa, huku akinuna.

Mwenyekiti alitishia kuleta mgambo. Nikaendelea kufunga. Mwishowe akamwita mtaalamu aje anieleze mwenyewe. Alifika jioni, watu wakitoka shamba la kijiji, akasimama ghafla mbele ya kibanda cha sumaku, jirani na nyumba yangu.

Kwetu sisi Wafipa wa pale, huingii kwa mtu na jembe begani, kama unayekuja kupigana. Unaliacha nje. Na ukuta wa kibanda hicho ulikuwa umenyooka vizuri, basi kila aliyekuja kunisalimu aliegemeza jembe lake hapo. Mimi niliyaona. Niliambiwa chuma kisiingie ndani, nayo yalikuwa nje.

Mtaalamu akakaa juu ya jiwe, akacheka mpaka akafuta macho. "Kijiji kizima kimekuja kuisalimu sumaku."

Watu wakayapeleka majembe mbali. Mstari ukatulia.

"Kwa hiyo ardhi haitatetemeka?" mwenyekiti akauliza.

"Sikusema hivyo, ndugu. Nimesema haya ni majembe. Itatetemeka, lini sijui. Na kama sumaku itatuambia mapema, hilo pia bado sijui."

"Basi naezeka," nikasema kutoka juu.

"Ezeka, lakini funga paa na ukuta vishikane."

"Vimeshikana. Njoo uvute."

Akapanda, akavuta. Havikucheza. Mwenyekiti akaondoka bila kuaga.

Mvua ilikuta nimemaliza. Mwanangu wa kwanza alizaliwa humo, pakavu. Tetemeko lenyewe lilikuja miaka mingi baadaye, mchana kweupe, chombo kilishaondolewa zamani. Vyungu vilianguka, kona moja ikapasuka, nikaiziba kwa mkono wangu. Nyumba hiyo sikupewa na mtu.

Leo nina nyumba hiyo, sasa ina bati. Nina nyumba mbili Sumbawanga mjini, moja nimepangisha. Mashine ya kusaga. Ng'ombe kumi na wanne. Shamba la mahindi na maharage upande wa Kate. Tanuru la matofali. Baiskeli mbili, moja mbovu.