Kofia ya Kumkera Samaki

Pantaleo, muuza vifungo na nyuzi wa Kariakoo, alikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyeiamini: kumtengenezea Mmarekani mmoja chambo cha kuvulia. Si minyoo wala dagaa. Ni manyoya yaliyofungwa juu ya ndoana mpaka yafanane na mdudu ambaye Mungu hakupata muda wa kumuumba. Mtaani walimwita Fundi Inzi.

Samaki mwenyewe ni trauti wa aina yake. Anazaliwa kwenye mto wa baridi, anateremka baharini kutafuta maisha, ananenepa, kisha anapanda kurudi kwao. Pantaleo aliposikia hayo hakuhitaji maelezo zaidi: huyo ni Mchaga. Tofauti ni moja tu, tena ya kusikitisha: akishafika kwao hali kitu. Anachouma, anakiuma kwa hasira.

"Simlishi," Pantaleo aliwaambia wateja wa vifungo. "Namkera."

Safari hii Mmarekani alitaka inzi wa zambarau anayecheza hata maji yakiwa yametulia. Kariakoo kuna kila kitu, basi Pantaleo akawa anabeba kila kitu na kukichovya kwenye beseni. Nywele za bandia zilishikana kama mlenda. Manyoya ya mapambo ya harusi yalichuja rangi, maji yakawa juisi ya rozela. Ya jogoo wa sokoni yalisimama wima kama mgambo. Kitu kikiwa kikavu kinapendeza, kama mchumba. Majini ndipo unakijua.

Hapo ndipo Shangazi Benedikta alipoteremka kutoka Marangu na kofia yake. Alikuja kuongoza posa ya Jumamosi kwa kina Jacqueline, binti aliyetakwa na Pantaleo, maana katika ukoo ule mdomo ulikuwa mmoja na ulikuwa wake. Bila yeye, Pantaleo angeishia kuposa picha. Kofia ilikuwa ya zambarau, na manyoya yake laini yalipepea hata Shangazi alipovuta pumzi tu. Alimweleza mambo ya ukoo jioni nzima. Pantaleo hakusikia hata neno.

Ijumaa Shangazi alipokwenda misa, Pantaleo alinyonyoa nyoya moja. Ndani ya beseni likacheza kama mwanakwaya anayejua anatazamwa. Akachukua la pili. Kofia ikaonekana imeinama kushoto, akanyonyoa kulia ili kusawazisha, kulia kukazidi, akarudi kushoto. Misa ilipokwisha, kofia ilikuwa kuku aliyetoka kwenye maji ya moto.

Shangazi aliitazama kofia, akawatazama inzi wa zambarau wakikauka mezani. Hakufoka.

"Kesho napanda basi la Marangu," akasema. "Kuposa, watume hao inzi wako."

Kosa la namna hiyo lina dawa moja. Mchaga akiletewa jani la sale na aliyemkosea, kusamehe si hiari tena. Lakini Kariakoo, unakopata mpaka pedeli ya cherehani ya enzi za Mjerumani, sale hakuna. Pantaleo akakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu mpaka Posta, akaliona limestawi kwenye chungu cha maua nje ya jengo la ofisi. Mlinzi, Polycarp, naye Mchaga, akamuuliza anatafuta nini kwenye maua ya watu.

"Naomba jani moja, mangi."

Polycarp aliisoma ile sura.

"Umemkosea nani?"

"Shangazi."

"Kata mawili."

Shangazi aliyapokea kwa ncha za vidole, akiwalaumu mababu waliotunga sheria ile kabla ya kumfahamu Pantaleo. Akasamehe. Lakini kichwa wazi haendi kuposa, kwa hiyo inzi wote washonwe pale walipotoka. Pantaleo akawashona. Kukata ndoana kulimshinda. Ilikuwa kazi nzuri mno.

Jumamosi, upande wa Jacqueline uliongozwa na shangazi yake, Fortunata, mwenye blauzi ya lesi na nia ya kutojibu lolote. Ndivyo binti anavyopewa thamani. Benedikta akasalimu, inzi wakapepea. Akatoa salamu za ukoo, wakapepea. Akaeleza shida iliyowaleta. Fortunata kimya, macho kwenye kofia, taya likikaza. Alivumilia kuliko binadamu wa kawaida. Kisha mkono ukamtoka.

"Dada, una mdudu," akasema, akamkamata.

"Shangazi, usivute," Pantaleo akamsihi.

Fortunata akavuta. Lesi ya mkono ikanasa kwenye inzi watatu, na mashangazi wakabaki kichwa kwa kichwa kama wanaotazama simu moja. Pantaleo akainuka na mkasi. Benedikta akamzuia kwa kiganja.

"Kaa chini, baba. Dada Fortunata hana haraka."

Jibu la ndiyo lilipatikana kabla chai haijapoa. Mkasi ulifuata baadaye.