Uwanja wa Ndege Nilioutangazia Kifo

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Usicheke kwamba nakuita mwanangu. Mvi sina bado, na wanafunzi wangu hapa Kasulu wananiita Ticha tu. Lakini kosa nililolifanya siku ile limenizeesha, na wewe unayefunga begi kwenda chuo nataka ulisikie kabla hujafundishwa kubisha.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uleule. Utafiti wangu wa mwisho ulihusu shirika letu la ndege la taifa: lilivyozaliwa baada ya nchi tatu jirani kuvunja jumuiya yao na kugawana vyombo kama watalaka, lilivyodhoofika, likaolewa na mgeni, likaachika, ndege zikapungua hata ukimaliza kuhesabu moja umemaliza zote. Niliyajua hayo kwa moyo. Nilidhani nimeshauona uongo wote wa nchi hii.

Kijijini kwetu, kando ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo, palikuwa na uwanja wa nyasi. Ndege ndogo zilitua pale kabla sijazaliwa. Mlinzi wake alikuwa jirani yetu, Mzee Kagoma. Enzi hizo kazi yake ilikuwa kusikiliza muungurumo, kufukuza mbuzi na ng'ombe, na kupandisha kile kifuko cha kitambaa kinachoonyesha upepo unakoelekea. Ndege ziliacha kuja, mshahara ukaacha kuja, yeye hakuacha. Kila baada ya mvua alikuwa pale na fyekeo lake. Kifuko kikichanika, alishona kingine kwa gunia la maharage. Tulimwita Rubani.

"Rubani, leo abiria wangapi?"

"Wote wamefika. Mchelewaji ni wewe."

Basi ukaitishwa mkutano wa kijiji. Walikuja mabwana wawili, viatu vinang'aa, wakasema uwanja hauna kazi tena, ukatwe vipande watu wajenge. Mzee Kagoma akasimama. "Pale si pa kuuza," alisema. "Nisikilizeni, maana mkutano wa kwanza kuhusu ardhi ile..."

"Ndege inarudi lini, Rubani?" mtu akadakia kutoka nyuma.

Bwana mmoja akanigeukia. "Jamani, si tunaye msomi hapa? Msomi, hebu tusaidie."

Mwanangu, utamu wa kuitwa msomi mbele ya watu! Nilisimama, nikawamwagia historia yote, ndege kwa ndege, hasara kwa hasara. Nikamalizia: "Mzee wangu, heshima yako ipo palepale, lakini shirika limekufa. Wewe unafyeka kaburi."

Mkutano ukalipuka kwa kicheko. Wale mabwana wawili walipiga makofi kuliko wote, na mimi, niliyekuwa nahoji kila kitu chini ya jua, sikuhoji makofi yale. Akili nyingi huondoa maarifa. Mikono ikainuliwa, jambo likapita. Mzee Kagoma aliketi, maneno yake yakiwa bado mdomoni.

Asubuhi nilipita kwake, nusu kuomba radhi, nusu kujitetea. "Mwakeye," nikamwamkia kwa Kiha.

"Yewe msomi," akasema, "vitabu vyako vilikwambia ardhi ile ilikuwa ya nani?"

"Ya serikali."

"Ya kaya sita. Bibi Nyabenda ni mmoja wao. Waling'oa mihogo yao kwa makubaliano: ndege zikija, pawe pa wote, zikikoma, kila mtu arudi shambani kwake. Hayakuandikwa. Shahidi asiye na shamba mle aliyebaki hai ni mimi peke yangu."

"Sasa mbona hukusema jana?"

"Nilikuwa nasema! Mlishanicheka, nani angenisikiliza tena? Ulifikiri nangoja ndege? Mimi si mpumbavu. Nilifyeka ili pasigeuke pori. Pori watu husema halina mwenyewe, na mwizi hupenda pasipo na mwenyewe."

Nilikimbia kwa mwenyekiti. Muhtasari wa mkutano ulikuwa umeshatiwa saini. Na hoja iliyoandikwa mle ilikuwa yangu, pamoja na jina langu na shahada yangu. Vipande vyote vya barabarani walipewa watu tusiowajua. Bibi Nyabenda hakupata hata pa kupandia kunde. Amekufa akilima bondeni, shamba la kukodi.

Miaka michache baadaye shirika likafufuka. Zikaja ndege mpya, moja baada ya nyingine. Leo zinatua Kigoma mjini, zinavuka mpaka nchi za mbali, na redio zinashangilia. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na waliochangia kuziunda kwa kodi zao ni pamoja na wakulima wa huku ambao hawajawahi kukanyaga ngazi zake. Watu hunitania: "Ticha, si ulisema limekufa?" Hapo hasira hunipanda upya. Hata lingekufa lisifufuke kamwe, kosa langu lingekuwa lilelile. Mimi nilibishania ndege huku watu wakiiba ardhi.

Sasa sikia. Sikuambii uache kuuliza. Anayemtaka kijana anyamaze ana kitu anachokificha. Uliza hata kuhusu hizo ndege zinazong'aa: nani analipa, nani anapanda, nani anabaki chini akitazama. Lakini siku utakayosimama kutangaza kwamba jambo fulani limekufa, tazama kwanza nani amekuja na jembe la kulizikia. Ukipigiwa makofi, yashuku. Na ukimwona mzee anafanya kazi usiyoielewa, kaa chini umuulize kwa nini anaifanya, kisha ufunge mdomo mpaka amalize. Mimi sikumngoja amalize.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe jicho kali na ulimi mzito. Akukutanishe na watu wa kukukatalia mapema, kabla hujaharibu. Na elimu unayoifuata isiwe hata siku moja panga mkononi mwa mwizi.